Gurudumu la Cherehani katika Barua Tano

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu, nilipewa ufagio. Ilikuwa Lilongwe, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika ofisi moja iliyokuwa ikiwatafutia wanafunzi nafasi katika vyuo vya ng'ambo. Nililala mtaa wa Mtandire, chumba kimoja na wakimbizi wenzangu watatu wa Fizi, kwetu Kongo, na kila asubuhi nilitembea kwa miguu hadi mjini. Nawaambia hili ninyi vijana mnaoniuliza nilisomea wapi kazi ya kupima wanafunzi. Nilisomea katika ukumbi wa ofisi ile, mikono kwenye ufagio na masikio wazi. Darasa la tano ndilo lililonitupa nje kule Bukavu, na bado hakuna mwenye diploma katika kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka aliyeweza kufungua dosiye ya mtoto, faili lake la maombi, na kusema kama nilivyosema mimi: huyu ataingia, huyu atasubiri, huyu atarudi nyumbani.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Madamu Mkuu wa Uteuzi. Alikuwa Mmalawi aliyekulia Mbeya, kwa hiyo Kiswahili chake kilinyooka kama shati la pasi, na changu kilimchekesha. Siku ya tatu alinikuta nimesimama mbele ya meza yake, ufagio umetulia.

"Unasoma nini hapo?"

"Sisomi, Madamu. Naangalia tu. Hizi dosiye za huku zinaendaka, hizi za huku zinarudiaka. Mi nataka kujua juu ya nini."

"Mfagiaji mwenye maswali," akasema. "Haya, kaa. Lakini chai yangu ikipoa nitakurudisha Kongo mwenyewe."

Nikakaa, na chai haikupoa. Aliniambia kuwa chuo kinachochagua ni kile kinachowakataa wengi kuliko kinaowachukua, na kwa hiyo msomaji wake hatafuti sababu ya kukuchukua, anatafuta sababu ya kukuweka pembeni ili aende kula. Dosiye ilikuwa na vitu vitatu: matokeo ya mtihani, barua ya mwalimu, na barua ya kujieleza, ile ambayo mtoto mwenyewe anasema yeye ni nani. "Matokeo yanapiga hodi," Madamu alikuwa akisema. "Barua ndiyo inayokaribishwa ndani." Maneno hayo nimeyatumia maisha yangu yote, na wengi wanadhani ni yangu.

Baadaye sisi wakimbizi tulioishi mjini tuliambiwa turudi kambini. Nilipanda Dzaleka na begi moja, nikawekwa chini ya Prefe. Prefe alikuwa mkuu wa shule Bukavu kabla ya vita, na ingawa Dzaleka hakuwa na shule ya kuongoza, alivaa tai kila siku na hakuna aliyethubutu kumwita jina lake. Aliendesha biro, ofisi ndogo ya kupokea dosiye za wanafunzi, nami nilizibeba kwenda Lilongwe kwa Madamu.

Kwa Prefe nilijifunza hesabu za nchi mbili. Kwetu Kongo mtoto akipata sitini na tano kwa mia, mtaa mzima unakunywa, kwa maana walimu wetu hawagawi alama kama karanga. Msomaji wa ng'ambo akiona sitini na tano anafikiri mtoto ni mvivu. Ilibidi barua ya mwalimu ieleze. Huku Malawi ni kinyume: mtihani wa kidato cha nne unahesabiwa kwa pointi, na mwenye pointi chache ndiye bora. Mzee mmoja wa Uvira alikuja bironi akiburuta kijana wake kwa sikio.

"Pointi tisa, Prefe. Masomo sita, pointi tisa. Nilimulisha nsima bure."

"Papa, mwachilie sikio," Prefe akasema. "Huyu amewashinda karibu wote wa hapa."

Yule mzee aliliachia sikio, akalitazama, kisha akalipangusa kwa mkono wa shati lake kama kikombe cha mgeni.

Prefe alipopata safari ya kwenda nchi nyingine, nilibaki na meza. Niliiweka karibu na soko, nikaandika ubaoni PAPA DOSIYE, na watu wakaja. Niseme wazi kwamba sikuandika barua ya mtu. Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma na kusikia. Watoto waliandika wenyewe. Mimi niliwaambia nini kiingie na nini kitoke. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na ni ngumu kuliko kuandika. Nilikuwa siwezi kutulia. Mtoto alipoanza kunieleza maisha yake, nilisimama, nikazunguka meza, nikakaa, nikasimama tena, mpaka niliposikia kile kitu. Nikikisikia napiga meza. "Hapo. Anza hapo."

Kwa Solange nilipiga meza hadi wino ukamwagika.

Solange alikuwa binti wa fundi cherehani mmoja wa Bukavu, tuliyemwita Mama Solange. Walipokimbia kuelekea Uvira, mama alifunga kichwa cha cherehani mgongoni kwa kitenge kama anavyofungwa mtoto. Solange, mwenye miaka kumi, alibeba gurudumu la chuma la chini. Mdogo wake Nabintu, miaka sita, alibeba kikopo cha bobini za uzi. Dzaleka waliirudishia cherehani miguu ya mbao, na Solange akajifunza hesabu kwa kuhesabu mizunguko ya gurudumu lile na mishono inayotoka. Na kulikuwa na jambo jingine. Bibi yao, mama yake Mama Solange, hakuweza kutembea. Mgongo wa mama ulikuwa mmoja. Walimwacha bibi amekaa mlangoni, na cherehani ikaenda.

"Hiyo ya bibi toa," nilimwambia Solange.

"Lakini njo vile ilikuwa, Papa Dosiye."

"Najua. Lakini msomaji anataka kwenda kula. Ukimpa bibi, atamfikiria bibi, hatakufikiria wewe. Mpe gurudumu."

Akampa gurudumu. Nikampima: ataingia. Akaingia, chuo kikubwa, masomo yamelipwa yote. Siku alipopanda minibasi kwenda uwanja wa ndege, watu walinipa mkono mimi kabla ya mama yake.

Tangu hapo meza yangu haikukauka watu. Wazazi waliacha kazi zao Area 23 kule Lilongwe, wakaja na kabaza, pikipiki za abiria, kunitafuta. Nilipima kwa kutazama buletini, ile ripoti ya shule, mara moja, na mara nyingi sana nilipatia. Wakikaa wanafunzi ambao maisha yao hayakuwa na kitu cha kupigia meza, niliwaazima kisa cha Solange. Sioni haya kusema hivyo, kwa maana wakati ule sikuona kuwa ni kosa; fundi hamnyimi mteja uzi. Mmoja nilimpa cherehani ya shangazi. Mmoja nilimpa gurudumu la kinu. Lilizunguka vizuri, lile gurudumu.

Kisha ikafika zamu ya Nabintu. Pointi zake zilikuwa saba. Saba, na shuleni alisoma kwa kitabu cha kuazima. Hakuja mezani kwangu. Aliandika peke yake nyumbani, akaleta bahasha imefungwa niibebe tu pamoja na nyingine nne za mwaka ule. Mama yake alinisimamisha njiani.

"Ataingia?"

"Mama Solange, huyo hata msomaji akiwa amelala ataingia."

Nilirudi Lilongwe baada ya wiki mbili kusikia majibu. Madamu hakuniambia nikae. Mezani aliweka karatasi tano moja pembeni ya nyingine.

"Nisomee mistari ya kwanza," akasema.

Nikasoma. Cherehani. Gurudumu. Cherehani ya shangazi. Gurudumu tena. Ya tano ilikuwa ya Nabintu: cherehani mgongoni mwa mama.

"Dzaleka nzima ilikimbia na cherehani, Papa Dosiye?"

"Madamu..."

"Nimewaweka pembeni wote watano. Wasomaji wa chuo wakiona hivi, mwakani hawatafungua hata bahasha moja ya kambi yenu. Au kuna mwenye cherehani humu?"

Kusema ni ya Nabintu kulimaanisha kusema zile nne zilitoka wapi, na jina langu ndilo mali pekee niliyojenga tangu Bukavu. Nilizunguka ofisi ile kama nilivyozunguka meza yangu. Madamu alinywa chai yake.

"Ni ya Nabintu," nikasema mwishowe. "Nyingine nimewapa mimi. Bale batoto hawana kosa, mi njo niliwapa."

"Nilijua. Nilitaka kujua kama utasema." Akazikusanya karatasi. "Nitapanda Dzaleka Ijumaa. Wataandika upya mbele yangu, kila mtu ya kwake. Wewe hutaingia chumbani."

Ijumaa nilikaa nje kwenye tofali, nikasimama, nikaenda hadi bombani, nikarudi. Kupitia dirishani nilimwona Nabintu ameshika kalamu bila kuandika. Madamu akamuuliza shida ni nini. Nilisikia jibu lake vizuri kabisa.

"Bengine bote banabadilisha, Madamu. Mi siwezi. Hii ni yangu. Nikiandika kingine, ntakuwa nimedanganya."

"Basi andika hiyo hiyo. Lakini andika kile ambacho hao wengine hawakukijua."

Akainamisha kichwa, akaandika mpaka wenzake wote wakatoka. Alipotoka nilimuuliza ameandika nini. Alinijibu akitembea.

"Nimemurudisha tate."

Tate ndivyo walivyomwita bibi. Nikampima palepale, kwa desturi ya kazi, na nikaogopa kipimo changu. Msomaji, njaa, bibi mlangoni. Kwa ujuzi wangu wote wa miaka ile, yule binti mwenye pointi saba alikuwa anarudi nyumbani, na mimi ndiye niliyemchafulia njia iliyokuwa imenyooka.

Majibu yalichukua muda. Sikuwahi kusubiri namna ile hata kwa mtoto wangu wa kumzaa. Nilikaa mezani na sikuweza kusoma buletini ya mtu. Kijana mmoja aliniuliza, "Papa Dosiye, mi nitaingia?" nikamjibu sijui, akacheka akidhani natania.

Nabintu aliingia. Katika wale wanne mmoja aliingia, mmoja akawekwa kwenye orodha ya kusubiri, wawili wakarudi nyumbani; Madamu aliwapokea tena hao wawili mwaka uliofuata, na sikuulizwa neno.

Kabla binti hajaondoka, Mama Solange aliniita kwake. Alikuwa akishona sketi za shule. Hakujua Kiingereza, na barua za binti zake hakuwahi kuzisikia. Alinipa nakala ya barua ya Nabintu.

"Nisomee kwa Kiswahili. Polepole."

Nikasoma. Nilipofika mlangoni, mahali bibi aliposema nendeni na mashine, mimi sili sana, Mama Solange aliondoa mguu kwenye pedali. Alisubiri mpaka nimemaliza. Kisha akatoa karatasi nyingine chini ya vitambaa, ya zamani, imekunjwa hadi mikunjo imepasuka. Ilikuwa ya Solange.

"Na hii."

Nikasoma na hiyo. Ilikuwa nzuri. Bado naamini ni barua bora kuliko zote zilizowahi kupita mezani kwangu.

"Na mama yangu," akasema, "humu iko wapi?"

"Nilimtoa, Mama Solange."

"Ulimutoa."

"Ili mtoto aingie."

Hakukasirika, afadhali angekasirika. Akapitisha kitambaa chini ya sindano, akarudisha mguu kwenye pedali.

"Mi nilimuacha mara moja, Papa Dosiye. We ulimuacha mara ngapi?"

Wiki ile nilishusha ubao. Sasa nauza vocha na sabuni mahali palepale, na vijana bado wananiletea dosiye, kwa maana hakuna aliyenizidi katika kazi ile na hawajasahau. Nawaambia pointi zao ni nzuri au mbaya, hilo halina mjadala. Wakianza kunisomea barua, nasimama, nazunguka meza, natoka nje. Huwa nahesabu barua ambazo bibi hayumo. Ya Solange, zile nne, na za miaka ya katikati ambazo sikumbuki ni ngapi.