Nilitaka kuuza shamba ninunue mashine ya pili ya miwa, kumbe shida ilikuwa moshi

Mulembe wakuu.

Mimi ni mzee wa Navakholo. Shule niliiacha mapema na sijawahi kuililia. Nina kiwanda kidogo cha jaggery, sukari nguru, nilichojenga kwa mikono hii. Ninayosema nimeyaona, sikuambiwa. Anayebisha aje, uji upo.

Basi.

Msimu uliopita miwa ilianza kulala kwa yard yangu. Mashine inakamua kidogo, inazimwa. Inawashwa, inazimwa. Na miwa ikikaa juani inakauka, mkulima anakuangalia kama mwizi.

Siku moja Makokha, mkulima wangu mkubwa, akasimama mbele ya watu.

"Mzee, hii miwa yangu unaikamua ama unaichunga?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Akasema hii ikikauka pia, trekta yake itapita hapa ikienda kwa mwingine, na majirani zake nyuma. Huyo akienda, mimi nimefunga.

Nikaamua: niuze shamba la chini kwa mto, ninunue mashine ya pili. Mnunuzi nikampata.

Mke wangu alikuwa anachambua mboga, hakuinua hata kichwa.

"Baba Nafula, hiyo shamba ndiyo unapandanga miwa yako. Ukiuza, hizo mashine mbili zitakamua mawe?"

Wanawake wengine wanakuuliza swali halafu wanaendelea na mboga. Wewe unabaki nalo.

Nikaambia mnunuzi angoje. Asubuhi nikabeba kiti, nikakaa katikati ya yard. Wafanyakazi walidhani nimegombana nyumbani.

(Kama una biashara, jaribu hii. Usianze na maswali. Kaa tu, angalia nani amesimama, na anamngoja nani.)

Mashine ikazimwa. Kwa nini? Tangi la juice limejaa. Limejaa kwa nini? Karai la kuchemshia hiyo juice halijachemka. Nikaenda kwa Shikanga, mpishi wangu wa karai, macho mekundu kama pilipili.

"Shikanga, umelala?"

"Nalala aje na huu moshi? Mzee, leta mashine hata kumi. Nitakupikia moshi wa kutosha."

Sisi tunachoma makapi, yale yanayobaki miwa ikishakamuliwa. Yalikuwa yamelowa. Huku Kakamega mvua ya alasiri haibishi hodi. Tunayaanika nje, inayakuta hapo hapo, kesho yanaanza kukauka upya. Kwa hivyo mashine inangoja karai, karai linangoja moto, moto unangoja jua. Mashine ya pili ingejaza tangi haraka zaidi, basi!

Makapi yalitaka paa. Na paa kubwa pale ni moja tu, banda langu la wageni. Mabati mapya, sakafu ya simiti, viti vya kuegemea. Nililijenga ili mtu akifika ajue amefika kwa mwenye mali. Hapo ndipo nilikuwa nakunywa chai nikipungia watu wa barabarani.

Nikalizunguka. Nikalizunguka tena.

"Toeni viti."

Hakuna aliyesogea. Cha kwanza nikatoa mwenyewe.

Sasa makapi yanaanikwa jua likitoka. Mawingu yakianza kukusanyika, kila mtu anaacha kazi yake, hata mimi, tunayaingiza bandani. Mwanzoni walinung'unika. Lakini yalipokauka vizuri, moto ulinguruma wakuu! Karai likachemka, na mashine ile ile kuukuu ikakamua mpaka yard ikabaki majani tu. Mnunuzi wa shamba nikamwambia aende salama.

Makokha akaja na trekta, akashuka, akatafuta pa kukaa. Akachungulia bandani.

"Mzee! Siku hizi makapi ndiyo wageni wako?"

"Ndiyo. Na hawa hawanitishi kuhama."

Alicheka, akakalia jiwe kando yangu, akaninyang'anya kikombe akamaliza chai yangu. Safari iliyofuata alikuja na miwa ya jirani pia.

Funzo langu ni hili. Kabla hujanunua kitu, tafuta kile ambacho wengine wote wanakingoja. Na kama dawa iko chini ya paa unalolipenda, toa viti.

Haya, mwenye posho mill, mwenye salon, mwenye hoteli, kwako kazi inakwamanga wapi? Semeni hapa. Wa kunisahihisha hizi English zangu za yard na juice asijisumbue. Mimi niko nje kwa kiti changu, naangalia mawingu.