Jiwe la Baba Mdogo Yohana

Nilipokuwa mtoto kule Heru Juu, miaka ya tisini, hatukuwa bado na neno "kijiwe". Tulikuwa na jiwe lenyewe, jeusi na bapa, penye njia panda ya kwenda Kasulu mjini. Bibi alituonya kwamba anayelikalia msimu wa kulima au kuvuna hunyonywa nguvu za miguu, asiweze tena kuinuka kwenda kazini.

Sisi watoto tulilipita mbio. Baba mdogo Yohana alidai kuamini kuliko sisi, na bado alishinda hapo na wenzake watatu, wanaume wazima wenye afya, wakibishana habari za Dar es Salaam ambako hakuna hata mmoja aliyewahi kufika.

Januari moja mama na bibi walikwenda kung'oa maharage machache yaliyobaki shamba la mbali. Yaliyokwisha kupurwa, pamoja na mbegu, yalianikwa uani, na baba mdogo aliachiwa ayaangalie. Wingu lilipotanda, nilijaribu kuburuta mkeka, ukanishinda. Nilikuwa na miaka tisa. Nikakimbilia njia panda.

"Baba mdogo, mvua! Maharage!"

Alitazama juu, kisha akaitazama miguu yake. "Mwanangu, miguu haitaki. Jiwe limenishika."

Wenzake wakacheka. Nikageuka nikikimbia na kulia. Matone ya kwanza yalipodondoka, baba mdogo alinipita kwa kasi ambayo sijaisahau, akajibanza chini ya paa la duka. Hakugeuka hata kunitazama. Niliokoa nusu kapu. Mengine yalisombwa hadi mtaroni.

Jioni alimwambia bibi, "Mama, si ulisema mwenyewe? Jiwe lile..."

"Alinipita mbio, bibi," nikasema. "Alikwenda kujikinga dukani."

Bibi hakumgombeza. Alilichukua lile kapu, akaingia nalo ndani. Hadi Juni tulikula ugali wa muhogo na mboga za majani tupu.

Miaka kadhaa baadaye, mwalimu kijana aliyehamia kwetu alituambia kwamba vijana wasio na kazi mjini "hushinda kijiweni". Darasa zima lilicheka neno hilo jipya. Mimi sikucheka.

Bibi simlaumu, alitutisha ili tufanye kazi. Baba mdogo ndiye ninayemdharau mpaka leo: alilichukua onyo la mama yake akalifanya ruhusa.