Mgongo wa Mama kwa Kuku Watatu

Picha ya mama yangu ilinigharimu kuku watatu, mmoja wao jogoo mwenye mguu mbovu, pamoja na msimu mzima wa kuchuma pamba ya majirani ili niwapate hao kuku. Nimehesabu mara mbili, na hesabu ya pili imetoka vilevile. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tukiishi Dutwa. Mpaka leo, nikisikia harufu ya rangi ya mafuta iliyochanganywa na mafuta ya taa, narudi kwenye kibanda cha Babu Masunga, mdogo wake babu yangu mzaa baba, ambako makopo ya rangi yalipangwa juu ya cherehani bovu na meza ilikuwa mlango wa basi uliong'olewa. Mama alifariki sijatimiza miaka miwili. Nyumbani hakukuwa na picha yake hata moja, na mimi nilitaka kitu kimoja tu: kuujua uso wake.

Babu Masunga alikuwa mstaafu, lakini kumuuliza amestaafu kazi gani kulikula siku nzima. Alikuwa amechunga ng'ombe wa watu kwa mshahara, akapika ugali wa shule ya bweni, akawa kondakta wa basi la Mwanza, akashona nguo, akatengeneza baiskeli, na mwisho akawa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba. Yeye alidai kazi saba. Mimi nilipata sita, nikarudia, zikabaki sita. “Ya saba ndiyo hii ya kuchora, Minza,” aliniambia. “Kwenye hizo nyingine nilikuwa naangalia watu kutwa, na hakuna aliyenilipa kwa kuangalia.” Watu walisema uzee umempanda kichwani, mtu mzima anashinda akichora mbuzi kwenye vipande vya plaiwudi. Lakini nilishamwona jirani mmoja akipita pale, akasimama ghafla na kuuliza mbuzi wake amefikaje ubaoni. Nikajua nimepata mtu wangu. Kumchora mama, Babu alitaka kuku wanne, nikampa wawili. “Kwa wawili nitakuchorea sikio,” akasema. Tukapatana kwa watatu, nami nikamchomekea yule jogoo kilema nikitumaini macho yake hayafiki miguuni. Yalifika. Alimpokea hivyohivyo.

Kwa kuwa hakumkumbuka mama vizuri, maana miaka ile alikuwa barabarani na basi lake, aliita mashahidi. Bibi mzaa mama alikuja kutoka Lalago, na baba akaacha shughuli zake. “Ng'wangaluka, mayu,” Babu alimwamkia bibi kwa Kisukuma, akamsogezea kigoda, akashika penseli. Dakika tano baadaye amani ilikuwa imekwisha. Baba alisema mama alikuwa maji ya kunde. Bibi akasema binti yake alikuwa mweusi wa kung'aa, na aliyeona maji ya kunde akapimwe macho. Baba akasema pua yake ilikuwa nyembamba. Bibi akamgeuzia pua yake mwenyewe: “Hii hapa ndiyo pua niliyompa mwanangu. Hiyo nyembamba uliiona kwa nani?” Baba akakohoa. Babu akaweka penseli chini. “Mnanieleza wanawake wawili,” akasema. “Mlizika wangapi?”

Nilidhani biashara imekufa na kuku wangu wameliwa bure. Kumbe hapo ndipo kazi zake za zamani zilipoanza kuamka. Aliuliza kama kondakta: akipanda basi, alikaa wapi? Wote wawili wakajibu kwa mpigo kwamba hakukaa, alisimama karibu na mlango apate upepo. Akauliza kama fundi nguo: gauni lake liko wapi? Baba alikwenda nyumbani akarudi na gauni moja kwenye mfuko, gauni ambalo miaka yote ile sikujua kwamba lipo. Babu akalipima kwa futi kamba, akapitisha kidole kwenye bega la kulia, ambako kitambaa kilikuwa kimelika. “Alibebea upande huu,” akasema, na bibi akatikisa kichwa kukubali. Akauliza kama karani: gunia lake la pamba alilitundika nani kwenye mizani? “Mwenyewe,” bibi akasema. “Karani akisogea, anamwambia akae mbali na kilo zake.” Nikauliza kwa nini. “Vidole vya karani hula kilo,” Babu akajibu, tena bila aibu yoyote. Tulikaa mpaka jua likapoa, na tangu lile swali la basi hakuna aliyempinga mwenzake.

Wiki mbili baadaye alituita. Ubaoni kulikuwa na mwanamke aliyetugeuzia mgongo, gauni limemkaa sawasawa, gunia begani, mkono mmoja umenyooka kuelekea ndoano ya mizani. Nikazunguka nyuma ya ubao. Nyuma kulikuwa na plaiwudi.

“Babu, uso uko wapi?”

“Uso hawakukubaliana. Huu walikubaliana.”

“Mimi nililipia uso. Nirudishie kuku.”

Kabla hajanijibu, bibi alifika mlangoni, akaiona picha, akasimama. Kisha akaifokea kwa Kisukuma, kwa sauti ya mama anayemfokea mtoto wake, kwamba alitue hilo gunia, mgongo utamuuma. Hakuwa anatania. Baba akatoka kwenda kuangalia ng'ombe aliokuwa ametoka kuwaangalia. Nikaacha kudai. Babu alinirudishia jogoo kilema akisema ni punguzo, ingawa nadhani alikuwa amemchoka.

Sasa nauza vipuri vya pikipiki hapa Bariadi mjini, na ule ubao uko ukutani juu ya kaunta. Wajukuu wangu hupiga picha sahani ya chipsi mara tatu kabla ya kuila. Simu zetu zina nyuso nyingi kuliko tunavyoweza kuziangalia, na hakuna hata mmoja ambao watu waliwahi kukaa kutwa wakiutafuta. Juzi binamu yangu wa Lalago alikuta kwenye sanduku la marehemu mjomba picha ya wanakwaya, nyuma yake pameandikwa majina, na la mama limo: wa pili kutoka kushoto. Akanitumia. Hakuomba hata vocha, jambo lililonitia wasiwasi. Imekaa kwenye simu yangu haijafunguliwa, kama ukungu, inasubiri kidole. Nikiigusa, mmoja kati ya baba na bibi atashindwa, na wote wawili hawapo tena kujitetea. Nisipoigusa, nitakufa na hamu niliyokuwa nayo nikiwa na miaka kumi na mmoja. Binamu anauliza kila jioni kama nimeiona, nami namwambia mtandao unasumbua. Wewe unayesoma, usiye ndugu wa upande wowote, nishauri: niiguse?