Mashine ya Kukereza Sebuleni Mwetu

Mashine ile niliinunua kwa kilo, kama mtu anunuavyo nyama. Kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi Chang'ombe kilikuwa kimeuzwa, na mwenye mali mpya hakuwa na haja na vyuma vyetu. Alitaka jengo tu, aweke redio na mabegi kutoka Dubai. Mashine zikatolewa nje, zikanyeshewa mvua, kisha wakaitwa watu wa chuma chakavu na nyundo zao. Nilipofika walikuwa wameshazivunja kadhaa, na hii wameanza kuigonga ubavuni. Chini ilikuwa inakereza vyuma, juu ina kichwa kingine cha kuchongea mitaro na meno ya gia, mashine mbili juu ya kitanda kimoja cha chuma. Ujana wangu wote nilifanya kazi juu ya kitanda hicho, na nyingine ya aina yake sikuwahi kuiona mjini. Niliwaambia waziweke nyundo chini, nainunua mie.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Mtoni. Banda la kazi sikuwa nalo, na uani kulikuwa na tope na majirani wanaoazima vitu bila kuomba. Kwa hiyo mashine iliingia sebuleni. Tuling'oa fremu ya mlango, tukaibingirisha juu ya mabomba, makochi yakahamia barazani. Mke wangu alisimama kando ameshika kiuno.

"Mume wangu, mwezi huu watu wanakuja kumposa mwanao. Watakaa wapi, juu ya hilo dubwasha?"

Nikamwambia itakuwa imeshapona kabla hawajafika. Mimi nikishang'ang'ania jambo huwa sisikii la mtu. Lakini haya nilikuwa naiona, tena kubwa. Wenzangu tuliotoka nao kiwandani walifungua vibanda vya mitumba, wakanunua makochi ya sponji, wengine mpaka televisheni. Mtu akiniuliza unafanya nini siku hizi, nilikuwa nageuza mazungumzo. Nilikuwa nakwangua kutu, basi.

Nilikwangua kwa msasa na mafuta ya taa mpaka wali wetu ukanuka mafuta ya taa. Ekseli kuu ilikuwa imeganda. Niliilowesha, nikaigonga kwa gogo, nikailowesha tena, siku ilipozunguka nilicheka peke yangu kama mwehu. Shida ilikuwa gia. Nyundo za wale jamaa zilikuwa zimevunja gia moja, na ya namna ile ingeweza kuchongwa na mashine hiyo hiyo tu, ambayo bila gia haiendi. Basi nikapata kipande cha shaba kwa wauza vyuma wa mtaa wa Gerezani, nikakaa nacho na tupa, nikachonga meno kwa mkono. Nikiijaribu jino linakwama, naitoa, nalitukana jino, nalirudia. Binti yangu ndiye alikuwa ananishikia tochi nikiwa chini ya mashine. Rafiki zake alikuwa anawapokelea nje, chini ya upenu, na hata siku moja hakunilaumu.

Washenga walisema watakuja baada ya alasiri. Wakaja baada ya adhuhuri.

Kwetu pwani baba hasemi kwenye posa, anasemewa na kaka yake. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshafika, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono, anawasubiri barazani. Mimi nilikuwa bado chini ya mashine, na fulana iliyokuwa na matundu mengi kuliko kitambaa. Watu wa Kinondoni wale, wenye nafasi zao, walikuwa hawajawahi kuniona. Wakaingia sebuleni, wakaniona miguu, fulana na mikono ya grisi, uso umefichwa na mashine.

"Na huyu?" mshenga akauliza.

Kaka aliitazama ile fulana. "Fundi huyo, ana kazi yake. Karibuni huku mkekani."

Nilingoja aongeze neno. Hakuongeza, na mimi nikabaki nilipo. Ningetokaje sasa, niseme nini? Nikashika spana nikakaza nati iliyokuwa imeshakazwa, huku mwanangu akiombwa juu ya kichwa changu. Walimsifu adabu, wakasifu malezi. Mmoja, kwa kuwa hakuonyeshwa baba mwingine, akamwambia kaka, "Umelea, mzee wangu." Kaka akashukuru. Masikio yalinichoma kwa aibu, na chozi likanitoka, nikalifuta kwa mkono wenye grisi.

Walipoondoka mke wangu alitoka nyuma ya pazia. Hakumsemesha shemeji yake. Aliniambia mimi.

"Kumbe fulana chafu inatosha kumkosesha mtoto baba."

Mashine ilipona kabla ya harusi. Nilipowasha mota, ile gia niliyoichonga kwa mkono ilinguruma kidogo, kisha ikatulia, na uzi wa chuma uliokerezwa na kisu chake ulikuwa mwembamba na unang'aa. Siku nyingine ningewaita mtaa mzima. Niliizima, nikaifunika shuka. Furaha yangu haikuwa na pa kukaa.

Siku ya ndoa kaka alinivuta kando. "Tuende hivi hivi tu. Nipe uwakili, nitamwozesha mie. Ukijitokeza leo nitaonekana mwongo mbele ya watu." Nikampa. Nikaenda kukaa nyuma, karibu na wapishi wa pilau, na kanzu yangu mpya inanukia udi.

Shehe na kaka wakaingia chumbani kumwomba bibi harusi idhini, kama ilivyo desturi. Walikawia. Kaka alitoka anatazama chini. Shehe akasimama mlangoni akasema, "Bibi harusi anasema baba yake yu hai, na yupo hapa. Hatamjibu mwingine."

Watu wakageuka kutafuta. Nikainuka kule kwenye masufuria. Mshenga alinitazama usoni, kisha akatazama mikono yangu, ambayo weusi wa grisi haukuwa umetoka kwenye kucha hata kwa limau, na nikaona amenitambua. Njia ya kupita kati ya mikeka ilikuwa ndefu. Nilitamani ardhi inimeze.

Chumbani binti yangu alikuwa amekaa kitandani, amefunikwa mtandio. Mlango ulikuwa wazi, washenga wamesogea. Nikamuuliza kama ananiruhusu nimwozeshe.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mie baba yako."

Mtandio haukutikisika. "Sema tena, baba. Huko nje hawajasikia."

Nikasema tena.