Nyota Ilipopasuka Kwenye Harusi ya Dada

Mpaka leo nikimwona mtu wa Lupaso sokoni Masasi nainama najifanya nafunga kamba za viatu, hata nikiwa nimevaa ndala, maana akinifikia lazima aniulize habari za nyota.

Iko hivi. Kwenye harusi ya dada yangu Tumaini mimi ndiye niliyepewa kazi ya muziki, na dada aliniambia jambo moja tu: "Mdogo wangu, wimbo wa kuingilia ukumbini chagua wewe, nakuamini." Sasa mimi siku hizo nilikuwa nimeshikwa na muziki wa okestra, fidla, matarumbeta na mangoma, wapigaji ukumbi mzima, hasa wimbo mmoja ambao mtunzi wake bado yu hai na ametunga habari za nyota tangu inazaliwa mpaka inapasuka. Nikiusikiliza shambani kwenye mikorosho machozi yananitoka (msinicheke). Nikasema dada ataingia na huo.

Mlango ukafunguliwa, nikabonyeza simu yangu niliyoiunganisha na spika. Kimya. Muziki wenyewe unaanza kama mbu aliye chumba cha pili, halafu hauna mdundo, na mnajua kwetu maharusi hawatembei, wanaingia wakicheza. Wapambe wakabaki mguu mmoja juu. Dada mlangoni ananitazama mimi tu.

Mjomba wetu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akanijia. "Spika imeungua?"

"Hapana mjomba, ndiyo unaanza."

"Unaanza lini?"

Basi nikapandisha sauti mpaka mwisho. Mbu akawa nyuki, mama akapiga vigelegele kumsaidia mwanawe, dada akajikaza akatupa hatua ya kwanza, na hapohapo (kwa furaha nilikuwa nimesahau kabisa) nyota ikapasuka. Mabati yalitikisika. Wapambe walitoka nje kupitia dirishani. Mjomba alijitosa chini ya meza ya keki, na keki ikamfuata.

Nikazima, nikasubiri kulaaniwa. Kumbe dada kakaa chini na shela lake, anacheka mpaka wanja unachuruzika. "Mjomba, toka tu, imeshapita." Mama akaanza kuimba, ukumbi ukapokea kwa makofi, na dada akaingia akicheza vizuri kuliko ambavyo angecheza kwa spika yoyote.

Msimu uliopita tukiokota korosho dada akaniambia, "Hebu weka ule wa nyota." Nikauweka. Tukausikiliza, naye akainamisha kichwa kama yuko kanisani. Ulipokaribia kupasuka akaichukua simu yangu, akaitia mfukoni mwake.

"Muziki mzuri, mdogo wangu. Ila sauti hugusi."

Sigusi tena, nimeapa.