Chumvi Aliyoiacha Nakhungu

Hebu mwone mama mmoja akiingia uani mwa kanisa pale Bungoma, Jumatatu asubuhi, Novemba ya mwaka 2006. Ametoka Kitale alfajiri. Miguu imevimba hadi kamba za viatu amezifungua. Mkono ameuweka begani mwa mkaza mwanawe, Ciru, kwa maana jicho la kushoto halioni tena na la kulia limeingia ukungu. Huyo ndiye Nakhungu, mzaliwa wa Bumula, fundi wa nguo. Sare za watoto wa Kitale amezishona miaka thelathini, na sasa hata uzi hauingii kwa sindano.

Madaktari wa kupasua mtoto wa jicho walikuwa wamepiga kambi hapo kanisani juma moja tu. Ijumaa adhuhuri wangeondoka, warudi Machi.

Nesi Kipketer akamfunga kipimo mkononi, akapima presha. Mia moja tisini kwa mia moja na kumi.

"Mama, kwa presha hii hakuna mtu atagusa jicho lako. Damu inaweza kumwagika ndani. Lazima ishuke chini ya mia moja sitini. Unakula chumvi?"

"Mimi? Si niliacha tangu Pasaka! Uliza huyu Ciru. Chakula yetu imepoa mpaka paka alihama."

Foleni nzima ikacheka. Kipketer hakucheka. Alibonyeza muundi wa mguu wa mama kwa kidole gumba, na alipokitoa, shimo lilibaki palepale.

"Mboga ya mrenda unapika na nini?"

"Na magadi. Kwani kwenu mnautafuna kama ng'ombe?"

"Na maharagwe?"

"Magadi, bana. Yataiva aje?"

Ciru akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa naweka kijiko mbili. Alipoacha chumvi nikaongeza ya tatu, ndiyo asikie ladha."

Nesi akashusha pumzi. "Magadi na chumvi, mama yao ni mmoja. Zote zinashika maji mwilini. Maji yakizidi, damu inasukuma mishipa."

"Basi nimeacha leo. Ijumaa nitakuwa sawa?"

"Nyinyi wa Kitale ni watu wa mahindi. Ukiacha kuvuna leo, ghala linaisha leo?"

Kipketer akamweleza kwamba chumvi haikai kwa damu peke yake. Nyingine mwili huiweka akiba, hata chini ya ngozi, na figo huitoa polepole. "Meza hii dawa, usiguse magadi. Tutaona kama siku nne zitatosha."

Walirudi Kitale. Ciru alimwaga magadi yote chooni. Maharagwe yakakaa jikoni tangu asubuhi hadi saa tisa, na bado yalilia menoni. Kila jioni alibonyeza muundi wa mama, akahesabu mpaka shimo lijae. Jumatatu alifika ishirini. Jumatano, kumi na mbili.

Jumatano hiyohiyo jirani yao Wakonyo alileta bakuli la githeri, mahindi na maharagwe laini kama uji. Nakhungu alikuwa na njaa. Alinusa, akalirudisha.

"Ati unakataa chakula yangu? Sasa mimi ni mchawi?"

"Wakonyo, umeweka magadi?"

"Si ndiyo utamu!"

"Basi niachie jicho langu, dada. Utanilisha nikiona."

Ijumaa saa nne walikuwa Bungoma tena. Viatu sasa vilifungika. Kipketer alipima: mia moja sitini na nane. Akamketisha nusu saa, akapima tena. Mia moja sitini na nne.

Ciru alishika kichwa. Daktari, ambaye masanduku yake yalikuwa yamefungwa nusu, alikuja akainama mbele ya mama.

"Umejitahidi. Lakini ghala bado lina kitu. Nikikupasua leo, pengine utaona kesho. Pengine damu itavuja na jicho liende kabisa. Ukingoja Machi, presha itakuwa imetulia, ila hiyo miezi minne utaketi gizani, na ukungu ukikomaa zaidi, kuutoa kutakuwa kugumu. Nitakufanyia ukiweka sahihi."

Wakampa karatasi na kalamu. Maandishi hakuyaona. Ciru alimwongoza kidole hadi kwenye mstari.

"Ni hapa, mama. Ama tungoje?"

Nakhungu akaikaza kalamu juu ya mstari. Nje dereva wa madaktari alikuwa ameshawasha gari. Ndugu yangu unayesoma, kama kalamu hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungetia sahihi?