Valvu Moja, Mitambo Miwili

Mume wangu Egesa hakuwa mlevi wala mhuni. Ugonjwa wake ulikuwa redio. Si redio ya kusikiliza taarifa tu, bali ya kuzungumzia: unasema, na mtu wa mbali mwenye mtambo kama wako anakujibu. Alikuwa fundi umeme hapa Tororo. Mzungu aliyemsimamia kazini alimfundisha mchezo huo, akamsaidia kupata leseni, na mwaka wa uhuru alipofunga mizigo kurudi kwao akamwachia mitambo miwili, mmoja wa kusemea na mwingine wa kusikilizia.

Kila Jumapili baada ya misa Egesa alizungumza na Omaido, rafiki yake wa kushibana aliyehamia Nakuru kufanya kazi ya reli. Omaido ndiye aliyekuwa msimamizi wetu siku ya ndoa. Barua zake zilikuwa za mistari mitatu tu, lakini redioni aliongea kama chiriku.

Tatizo lilikuwa valvu, vile vitaa vya kioo vinavyowaka ndani ya redio. Visipowaka, umebaki na sanduku. Mwaka 1965 valvu kubwa ya mtambo wa kusemea ilikufa. Egesa alitafuta nyingine Mbale na Kampala, akaandika barua hadi Nairobi. Kote alijibiwa kwamba hizo za kabla ya vita vya Hitler hazitengenezwi tena, siku hizi ni transista, vidude vidogo visivyo na kioo wala moto. Muuza redio mmoja alimwambia kwa upole amwache Lazaro apumzike.

Hakumwacha. Mtambo wa kusikilizia ulikuwa na valvu ya aina ileile, basi akaanza kuihamisha. Akitaka kusema, aliichomeka huku. Akimaliza, aliichomoa kwa kitambaa maana ilikuwa ya moto, akaichomeka kule, akangoja iwake. Omaido, kwa upande wake, alihesabu mpaka mia mbili ndipo ajibu, na wakati huo alikwenda kujimiminia chai. Niliona ni wazimu mtupu. Lakini wao waliridhika, nami nikazoea.

Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha mguu mmoja wa valvu ukaanza kutikisika kama jino la mtoto, kwa kuchomolewa kila wiki. Jumapili moja Egesa aliishika mkononi muda mrefu.

"Mama Taaka," akaniambia, "hii ikivunjika, mimi na Omaido basi."

Nilimhurumia, sikatai. Hata hivyo, nilipokwenda sokoni Busia, sikwenda kwa ajili yake. Nilikuwa nimeuza karanga zangu, nikanunua redio ndogo ya betri, ya transista, nisikie nyimbo nikipika. Egesa aliitazama kama mke mkubwa anavyomtazama mke mdogo. Akaizungusha, akatafuta kasoro, akaipata.

"Hii inasikia tu. Haiwezi sema."

"Na yako ikisema haisikii," nikamjibu. "Sasa si waoane?"

Nilisema kwa hasira, nikarudi kwenye sufuria. Nilipogeuka, redio yangu haikuwepo mezani.

Alikuwa ameifunga kwenye waya wake wa paani unaonasa mawimbi na kuzungusha kitufe cha kutafutia stesheni taratibu, mpaka akapata pale Omaido anaposikika. Kisha akafanya jambo lililonitia hofu: aliichomeka ile valvu kwenye mtambo wa kusemea na kuulehemu mguu wake palepale, isitoke tena. Moto ukizidi kidogo, kioo kinapasuka, na nyingine haipo. Hakikupasuka. Mtambo wa kusikilizia aliufunika kwa kitambaa cha meza, na tangu siku hiyo naweka maua juu yake.

Jumapili iliyofuata Egesa alimsalimu Omaido. Tukangoja hesabu yake ya mia mbili yote, kwa kuwa hakujua kwamba valvu haihamishwi tena. Akaja na habari zake, na alipomaliza tu, Egesa akamjibu papo hapo.

"Egesa," sauti ya Omaido ikasema, "umejibu hata sijainuka. Chai nitakunywa saa ngapi?"

Egesa alicheka mpaka akafuta machozi, nami nilifurahi kumwona hivyo. Halafu Omaido akaomba kunisalimu. Kwa ile miaka miwili ya kuhamisha valvu, zamu za kusema zilikuwa chache mno, za wanaume peke yao. Egesa akanisogezea kipaza sauti.

Nikamwambia shemeji kwamba hapa kwetu kumefungwa ndoa nyingine, na safari hii msimamizi ni mimi.